Sylvère Amewekewa Mikono, na Mke Hana

Nyakabiga ya Tatu,
Bujumbura, Burundi
Jumatatu, tarehe 6 Agosti 2001

Mpendwa Mjomba Herménégilde,

Amahoro, Mjomba. Naanza na neno hilo la kwetu la amani kwa sababu najua hata baada ya miaka ishirini na tisa huko Ulyankulu bado unalipenda kuliko salamu nyingine zote. Mengine nayaandika kwa Kiswahili ili Carmen akusomee bila kukwama, maana uliniambia wajukuu wako Kirundi wanakisikia tu, kukisoma hawawezi. Carmen, mwanangu, msomee babu polepole, na akitaka kukukatiza usimruhusu mpaka ufike mwisho.

Macho yanaendeleaje, Mjomba? Mohamadi, yule mfanyabiashara wa mawese anayepitia Kigoma, alituambia kwamba jicho la kulia limepasuliwa huko Tabora na sasa unatambua watu wakiwa bado mlangoni. Tulishukuru sana. La kushoto nalo lisisahauliwe. Na Mama Fébronie, mgongo wake? Mwambie nimempelekea kitenge cha bluu kwa mkono wa Mohamadi huyo huyo. Nimekishona kwa kukisia, asicheke kama kimebana mabegani.

Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Malaria ilimpitia mtoto wangu wa mwisho mwezi wa sita, sasa anakula mpaka sufuria inalia. Xavier, mume wangu, yuko karakana kama siku zote, mikono haitoki mafuta. Mama, dada yako, miguu inamsumbua asubuhi, ikifika saa nne anaisahau. Milio ya bunduki tunaisikia bado kutoka milimani, siku nyingine karibu, siku nyingine mbali. Watu wanasikiliza kidogo, halafu wanaendelea kuchambua maharage. Vumbi la kiangazi limejaa hata ndani ya cherehani yangu.

Sasa kaa vizuri, Mjomba. Mdogo wangu Sylvère amewekewa mikono. Ni mchungaji. Ilikuwa Jumapili, tarehe ishirini na mbili Julai, katika kanisa letu la Kinama, mbele ya wachungaji sita na umati uliojaa mpaka nje ya madirisha. Na mke hana. Hana mke, hana mchumba, na hajaahidi mtu yeyote kwamba atatafuta. Nilitaka nikuandikie siku ile ile, lakini kulikuwa na kazi nyingine kubwa ya kushona, nitaifikia.

Najua Carmen amenyamaza hapo na wewe umeinua mkono. Niache niseme kwanza.

Sijasahau barua uliyowaandikia wazee wa kanisa mwaka 1999. Kurasa mbili, kwa mwandiko wako mwenyewe, wakati macho yalikuwa bado yanakuruhusu. Uliandika kwamba bila Mama Fébronie usingeweza kuwa mchungaji hata mwaka mmoja. Kwamba wakati wa njaa yeye ndiye aliyejua nyumba ipi haijapika. Kwamba mwanamume ambaye hajawahi kugombana na mke wake asubuhi na kumwomba radhi jioni, hana haki ya kuwasuluhisha wengine. Yalikuwa maneno mazuri, Mjomba, na ya kweli kwako. Lakini mimi nilikuwa nimesimama nje chini ya dirisha siku yalipokuwa yanasomwa, na nilisikia jinsi yalivyomfungia mlango mdogo wangu.

Mzee Hyacinthe, mwenyekiti wa wazee, ndiye aliyesoma. Unamkumbuka, mlisoma pamoja shule ya msingi. Alipomaliza alikunja karatasi akamwambia Sylvère, "Mjomba wako mwenyewe amesema. Mutu asiye na bibi, akiingia kwa mjane kuomba naye, watu watasema nini? Oa kwanza. Tutakungoja."

Sylvère alijibu neno moja tu. "Mutangoja sana, mzee." Hakulisema kwa kiburi. Alichukua baisikeli yake akarudi Kinama, na kesho yake akaendelea na kazi yake ya mwinjilisti. Kuhubiri aliruhusiwa. Kubatiza, kufungisha ndoa, kugawa meza ya Bwana, hapana. Mtu akifa, anakesha naye, anaomba naye, anamfumba macho, halafu anakwenda kumwita Mchungaji Régis, mwenye kanisa la Kinama, aje kuzika.

Wewe ulimwona mara ya mwisho akiwa mtoto wa miaka tisa, kwa hiyo nikueleze mtu alivyo. Ana miaka thelathini na nane. Ni mrefu kama Baba, anacheka kwa urahisi, anapenda kula. Si mgonjwa, hakuachwa na msichana, hana mtoto wa siri kule Carama kama walivyokuwa wanasema, wala hakutaka kuwa padri wa Kikatoliki. Yote hayo yalisemwa. Alipofika miaka ishirini na saba alimwambia Mama, wakiwa wawili jikoni, kwamba kila akiomba juu ya jambo hilo anapata amani akiwa peke yake, na kila akijilazimisha kufikiria ndoa amani inaondoka. Mama alilia siku mbili. Ana watoto wawili tu waliobaki, mimi na yeye, na yeye ndiye mwanamume.

Mimi sikulia, mimi nilitafuta wasichana. Nakuungamia, Mjomba. Nilimletea watatu kwa nyakati tofauti. Wa mwisho alikuwa mwalimu, binti mpole, mzuri, anajua kuimba. Nilipika kuku. Sylvère aliongea naye saa tatu nzima, nami jikoni moyo ukawa unaruka. Mwezi uliofuata akaniambia kwa furaha, "Dada, yule mwalimu nimemuonea bwana. Kuna kijana wa kwaya anafaa kabisa." Na kweli walioana, wana watoto wawili, na kila wakipita hapa wananishukuru mimi! Tangu siku hiyo sikupika kuku tena kwa nia hiyo.

Sasa nikueleze vita ya Kinama, maana habari mliyoisikia redioni ni ile ya juu juu.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa pili. Waasi waliingia Kinama, na Jumapili kulipokucha watu wakaanza kutoka kwa maelfu, magodoro kichwani, mbuzi mkononi. Mchungaji Régis alitoka na mkewe na watoto wao saba, wawili mgongoni. Hakuna anayemlaumu. Alipita kanisani akamkuta Sylvère amesimama mlangoni, akamwambia, "Twende." Sylvère akamwonyesha chumba cha nyuma.

Mle ndani kulikuwa na watu wasioweza kutembea. Mzee Daudi kipofu. Bibi wawili wazee sana. Fundi viatu mmoja ambaye mguu ulikuwa umevunjika wiki iliyopita. Na Mama Orlane, mwanamke wa jirani, aliyejifungua siku mbili kabla, na watoto wake wengine watano wamemzunguka. Mume wake, Radjabu, alikuwa amekwenda Carama Jumamosi kuangalia shamba lake la mihogo, na njia ikafungwa nyuma yake.

Mchungaji Régis alisimama hapo, watoto wanalia, risasi zinapita. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alimpa Sylvère funguo za nyumba yake, mkewe akasema, "Unga uko chini ya kitanda, maharage pembeni, dawa za watoto juu ya kabati. Chukua vyote." Wakaondoka. Na wakapona wote, Mungu asifiwe.

Siku kumi na moja, Mjomba. Siku kumi na moja sisi hapa Nyakabiga tulikuwa tunatazama moshi upande ule na hatujui kama ni mzima. Mama hakukaa kitini. Xavier alikwenda kwenye kambi za waliokimbia, kila siku kambi moja, akiuliza, anarudi anatikisa kichwa tu. Zubeda, jirani yangu Mwislamu ambaye tunashona naye baraza moja, alikuwa akimaliza swala zake anakuja kukaa karibu na Mama, anamshika mkono. Siku ya saba nilijikuta nimeanza kumfikiria mdogo wangu kama mtu aliyekufa. Nilijichukia.

Yeye mle ndani alikuwa anachota maji kwenye mfereji saa bunduki zikipumzika, anapika maharage ya mke wa mchungaji, anafua nguo za mtoto mchanga. Bibi mmoja alifariki siku ya nne, fundi viatu siku ya sita, kwa homa ya ule mguu. Akawachimbia kaburi mwenyewe nyuma ya kanisa. Kuzika hakuruhusiwa, unakumbuka. Aliniambia kwamba jambo hilo lilimsumbua, akasimama na jembe mkononi akimwomba Mungu amsamehe kwa kuvunja utaratibu wa kanisa. Nilipolisikia nilitaka kwenda kumpiga mtu, na aliyenijia kichwani ni Mzee Hyacinthe.

Siku ya kumi na moja asubuhi kukatulia. Akampandisha Mzee Daudi nyuma ya baisikeli, akamwambia Mama Orlane amfuate na watoto, wakashika njia ya mjini. Yule bibi aliyebaki alikubali kungoja zamu yake. Wakafika barieri, kizuizi cha askari barabarani.

Haya yafuatayo sikuyasikia kwake. Yeye alikuwa ametuambia tu kwamba askari walimsimamisha kidogo. Niliyasikia kwa Mama Orlane, mwezi wa sita, mbele ya mkutano wa kanisa. Mchungaji Régis alikuwa ameomba shauri la Sylvère lifunguliwe tena, na mara hii waumini wote wakaitwa, nami nikaingia ndani nikakaa.

Kwanza vijana wawili walisimama wakasema kwamba sasa imeonekana, wachungaji wasioe, wawe kama mapadri, maana asiye na familia ndiye anayebaki na kundi. Watu wakapiga makofi. Nakwambia, Mjomba, mimi pia nilipiga. Sylvère akainuka na uso umekasirika, na sijawahi kumwona hivyo.

"Apana," alisema. "Musinitumie hivyo. Tulikula unga wa nani mule ndani? Dawa za mutoto zilitoka wapi? Za mama mchungaji. Yeye alibeba saba, mi nikabaki na wengine. Kama mukiweka sheria kwamba mchungaji asioe, mi sitakubali kuwekewa mikono. Na mutu ambaye Mungu amempa bibi, amupende. Mi nimepewa hivi nilivyo. Basi."

Akakaa. Ndipo Mzee Hyacinthe, na kusema kweli aliongea kwa upole, akasema moyo wake bado una swali lile lile la mwaka 1999. Akatoa barua yako, Mjomba, alikuwa ameitunza ndani ya Biblia, akaisoma yote upya. Sylvère alisikiliza ameinamisha kichwa kwa heshima. Mzee alipoimaliza akarudia yale yake ya mjane na maneno ya watu, ndipo Mama Orlane akasimama, mtoto ananyonya.

"Mzee, unaogopa watu watasema nini juu yake na wanawake," alisema. "Mi niseme, maana mi nilikuwa naye siku kumi na moja."

Akasimulia. Pale barieri askari walichukua kitambulisho cha Sylvère wakakisoma. Miaka thelathini na nane. Selibateri, yaani hajaoa. Askari mmoja kijana akamvuta pembeni. "Mutu muzima kama wewe, bila bibi, bila mutoto, siku zote hizo mule ndani na wale watu? Ulikuwa unafanya nini? We ni mwasi." Ndevu zilikuwa zimemwota, nguo zina udongo wa makaburi. Wakamwambia apige magoti pembeni ya barabara.

Mama Orlane akapiga kelele. "Ni bwana yangu huyo! Batoto hawa wote ni wake! Selibateri ni ya karatasi tu, hatujafika komini!" Na ni jambo linaloaminika, Mjomba, watu wengi huku wanaishi pamoja bila kuandikisha ndoa kwenye ofisi ya komini. Askari akamtazama, akawatazama watoto sita, akamgeukia Sylvère. "Ni kweli? Ni bibi yako?"

"Nilimwomba Mungu amfanye Sylvère aseme ndiyo," Mama Orlane alituambia. "Neno moja tu. Akaniangalia, akasema, 'Apana, afande. Huyu mama ana bwana wake, anaitwa Radjabu, yuko Carama, na kama yuko mzima anamtafuta. Mi ni mwinjilisti wa kanisa. Sina bibi.'"

Akamhamisha mtoto upande wa pili, akaendelea.

"Basi mi nikakasirika! Nikasahau bunduki, nikasahau askari. Nikamwambia, Sylvère, we ni mujinga! Mujinga kabisa! Nimekupa bibi na watoto sita bure, na we unakataa? Watakuua, na huyu mzee kipofu nani atamsukuma? Nilimtukana mpaka mutoto akaamka. Na Mzee Daudi, pale juu ya baisikeli, naye akaanza kumtukana."

Yule askari kijana alianza kucheka, akashindwa kujizuia. Mkubwa wao, mtu wa makamo, akaja kuuliza kuna nini. Alipoelezwa akamtazama Sylvère pale chini. Akasema, "Mwacheni. Mutu anayetaka kudanganya angemkubali huyu mama haraka sana." Akamrudishia kitambulisho. Akamwambia arudi kuchukua wengine kabla mambo hayajaharibika. Sylvère alirudi kumchukua yule bibi, halafu akarudi tena mara tatu kwa wagonjwa waliokuwa wamejificha nyumba za jirani.

"Nilimuuliza baadaye kwa nini," Mama Orlane alimalizia. "Akanijibu kwamba Radjabu akisikia siku moja kwamba mi nilipita barieri kama bibi ya mutu mwingine, hataelewa, na mi ndiye nitakayebaki na jina hilo. Alikuwa amepiga magoti, mzee, na alikuwa anafikiria jina langu. Sasa we uniambie tena, akiingia kwa mjane watu watasema nini?"

Mjomba, sijui kuandika nikuonyeshe jinsi mahali pale palivyokuwa. Mzee Hyacinthe alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Ilikuwa imebaki hoja moja, akaitoa kwa sauti ndogo, nani atawashauri wanawake wa kanisa kama nyumba ya mchungaji haina mama. Mke wa Mchungaji Régis akajibu kutoka kwenye kiti chake, "Mi niko hapa, mzee. Na hawa wamama wote wako hapa. Ni lini tulikosa kuliliana?" Wanawake wakacheka, wengine wanafuta machozi.

Basi Mzee Hyacinthe mwenyewe ndiye aliyesimama kuomba kura. Alisema, na nakunukulia kwa sababu alikutaja, "Herménégilde aliandika yale aliyoyaishi, na mi niliyatumia kama sheria. Kosa ni langu, si lake." Akawa wa kwanza kuinua mkono. Mikono ikainuka kanisa zima. Waliokataa walikuwa wanne, na mmoja wao nilimwona siku ya sherehe akicheza kuliko wote.

Kwa hiyo usione haya, Mjomba. Hukushindwa wewe. Lakini nimeshinda mimi, na utaniachia nifurahi, maana miaka miwili nimekula barua yako kama dawa chungu.

Joho nililishona mwenyewe, jeusi, la kitambaa kizito, na Zubeda akalitoboa matundu na kulitia vifungo vyote kwa mkono. Alikuwa ananicheka, "Kwetu imamu asiye na mke tungemtafutia kabla ya Ijumaa kufika." Nikamwambia hata mimi nilijaribu. Siku yenyewe alikuja na sinia mbili za pilau, akakaa mstari wa mbele na mtandio wake wa kijani, na vigelegele vyake ndivyo vilivyofika mbali kuliko vya wote.

Kuna jambo moja ambalo sikulitegemea. Wewe unajua desturi, mchungaji akiwekewa mikono mke wake husimama kulia kwake. Tulipofika hapo, Sylvère alipiga magoti peke yake, na upande wa kulia pakabaki wazi. Mahali padogo tu pa mtu mmoja, lakini watu wote walikuwa wanapatazama. Nikawa nafikiria niende mimi, lakini sikuinuka.

Mama alikuwa amekaa nyuma kabisa. Asubuhi alikuwa amesema anakuja kwa heshima tu, kwamba yeye hana cha kushangilia, yeye alitaka mjukuu kutoka kwa mtoto huyo. Nikaona watu wanapisha njia. Alikuwa anakuja na fimbo yake, polepole, kanga yake nzuri ya harusi yangu, amekaza uso. Akafika mbele, akasimama pale kulia kwa Sylvère. Mchungaji Régis akainama kumuuliza kitu. Mama akamjibu kwa sauti ambayo hata walioko nje waliisikia, "Nimemzaa. Nashindwa kusimama naye?"

Basi hapo, Mjomba, kanisa zima lililipuka kwa vigelegele. Wachungaji sita waliweka mikono juu ya kichwa cha mdogo wangu, na Mama akaweka wake wa saba, hakuna aliyethubutu kumzuia. Sylvère alipoinuka na kugeuka kwetu, joho limemkaa vizuri, ngoma zilianza kabla ya kwaya kuwa tayari. Mama alicheza. Fimbo aliitupa kwa Xavier.

Na sasa ile kazi ya kushona iliyonichelewesha. Kinama ilipoanza kujaa watu tena, Sylvère alizunguka nyumba kwa nyumba akakuta watu wengi wanaoishi pamoja bila baraka ya kanisa. Walikimbia, wakazaa makambini, wakarudi, ndoa ikawa inasubiri amani, na amani haifiki. Akawaambia wasisubiri. Akawapeleka komini kuandikishwa, akawafundisha wiki mbili, na juzi Jumamosi, tarehe nne, akawafungisha ndoa. Wako jozi kumi na moja, siku moja! Radjabu na Mama Orlane walikuwa wa kwanza kwenye mstari. Radjabu alikuwa amepona, alijificha Carama kwa ndugu zake muda wote ule.

Nimeshona magauni saba, Mjomba, na mengine tumeazima. Vidole vimevimba. Kulikuwa na bibi harusi wa miaka kumi na tisa na bibi harusi wa miaka hamsini na mbili. Mchungaji asiye na mke alisimama mbele yao akawauliza mmoja mmoja, kwa majina, hakuruka mtu, na kila mume aliyejibu kwa sauti ndogo alimwambia arudie, mke wake hajasikia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mzee Hyacinthe ndiye aliyeshika kitabu cha sahihi, na kila akigeuza ukurasa anafuta miwani.

Baada ya hapo kila familia ilikuwa imetandika meza yake, kwenye uwanja wa kanisa, na zote zikamtaka mchungaji. Alikwenda zote. Saa kumi na moja jioni nilimkuta amekaa kwenye ngazi za kanisa, joho mapajani, viatu amevua. Watu walikuwa wanaondoka wawili wawili kwenye njia ile ya vumbi, na nikawaza chumba chake kimoja pale nyuma, kitanda kimoja na kikombe kimoja. Nikakaa karibu naye. Nikamuuliza lile ambalo sijawahi kuthubutu kumuuliza miaka yote, kama siku kama hii hajisikii upweke.

Aliniangalia kama mtu asiyeelewa swali. Halafu akashika tumbo.

"Dada," alisema, "nimekula meza kumi na moja. Tafadhali, niache nipumue."

Mjomba, hajaniomba nikuandikie hili, lakini mimi nakuomba. Mwandikie. Mara hii si wazee wa kanisa, yeye mwenyewe, na uanze na Mchungaji Sylvère. Mama Fébronie naye aongeze lake, maana yeye ndiye ajuaye kazi hii kuliko nyote wawili.

Nisalimie Mama Fébronie kwa kumkumbatia, na Carmen msomaji wangu, na wazazi wake, na watoto wote wa nyumba hiyo hata wale ambao sijawaona. Nisalimie pia kanisa lako lote. Mama anakusalimu, anasema uje uone mwenyewe wakati njia zikiruhusu. Xavier anakusalimu, Mzee Hyacinthe anakusalimu, na Zubeda ambaye humjui naye anakusalimu.

Mungu akutunzie jicho lililopona na alifungue lililobaki, akupe siku nyingi zenye afya, na atukutanishe kwenye ardhi yetu bila mtu kuwa anakimbia.

Ni mimi binti wa dada yako, ninayekupenda hata nikikushinda,

Dévote